Mnabadilisha Nywila, Mwizi Yumo Ndani

"Nywila yako imeisha muda wake. Ibadilishe ili uendelee."

Umeliona tangazo hilo mara ngapi? Limekukuta Jumatatu asubuhi, ripoti inatakiwa Tanga kabla ya saa nne, mtandao unakuja na kuondoka, na mkuu wako amesimama mlangoni anauliza umefikia wapi. Ukafanya nini? Usinifiche, mwenzangu. Uliichukua nywila ile ile ya zamani, ukagusa tarakimu ya mwisho. Lushoto@1 ikawa Lushoto@2. Miezi mitatu ijayo itakuwa Lushoto@3. Kisha ukaiandika kwenye kikaratasi, ukakisukuma chini ya kibodi, kwa sababu hakuna kichwa cha binadamu kinachoweza kubeba nywila mpya nne kila mwaka kwa kila mfumo tulioletewa.

Siku hiyo hiyo msimamizi wa seva ya barua pepe akaandika kwenye taarifa yake: watumiaji wote wamebadilisha nywila, usalama umeimarika.

Usalama upi?

Nimevumilia vya kutosha. Kila ninapouliza katika ofisi za milima hii, iwe mjini Lushoto, iwe Soni, iwe Mlalo, barua pepe zenu mnazilinda vipi, jibu ni hilo hilo moja. Tunawalazimisha watu wabadilishe nywila kila siku 90. Basi. Hapo ulinzi umeanza na hapo umekwisha. Ni kubadilisha kufuli kila mwezi huku ufunguo umetundikwa kwenye msumari nje ya mlango, tena kila mpita njia anaujua msumari ulipo.

Na sisi tunakubali. Tunanung'unika, tunabadilisha tarakimu, tunaendelea kulala.

Hebu tuulize amri hii imetoka wapi, maana haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo wa nywila. Hofu ya siku zile ilikuwa mtu anayeketi na kubahatisha, neno baada ya neno, wiki baada ya wiki. Wakapiga hesabu: nywila ya urefu huu itamchukua muda gani kuipata? Basi ibadilishwe kabla muda huo haujafika, na isikae zaidi ya mwaka mmoja. Kwa zama zile hesabu ilikuwa na maana.

Mwizi wa leo habahatishi. Anakutumia ujumbe unaofanana na wa benki yako au wa mfumo wa mishahara, unabofya, unaiandika nywila kwa mkono wako mwenyewe, na kabla hujamaliza kikombe cha chai yeye yumo ndani anasoma barua zako. Siku 90 zinamzuia nini mtu anayehitaji dakika tisa?

Wenyewe walioeneza desturi hii wameshaiacha. Mwaka 2003 mtaalamu mmoja wa taasisi ya viwango ya Marekani iitwayo NIST, Bill Burr, aliandika maelekezo ambayo dunia nzima iliyanakili: weka herufi kubwa, weka ndogo, weka tarakimu, weka alama, badilisha mara kwa mara. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huo huo NIST wakageuza maelekezo yao: usimlazimishe mtu abadilishe nywila kwa kufuata kalenda, mlazimishe pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Waingereza walikuwa wameshasema hivyo kabla yao. Mwaka 2019 Microsoft nao wakaliondoa sharti hilo katika mipangilio ya usalama wanayoipendekeza kwa Windows. Na mwaka 2025 NIST wakalikaza neno lao, ushauri ukawa katazo.

Kwa nini waligeuka? Kwa sababu desturi yenyewe ilipimwa ikaonekana haifai. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichukua nywila za akaunti zaidi ya 10,000 zilizokwisha kufungwa, za watu waliokuwa wakilazimishwa kubadilisha kila miezi mitatu. Wakajiuliza: ukiijua nywila ya zamani ya mtu, utaipata mpya? Kwa asilimia 17 ya akaunti hizo, waliipata kwa majaribio yasiyozidi matano. Matano! Soma tena: yule mwizi unayedhani umemfungia nje kwa kubadilisha nywila, katika kila akaunti sita anarudi ndani ya moja kwa kujaribu mara tano. Anajua tabia yako. Anajua kwamba baada ya @2 inakuja @3. Wewe ni nani wa kumshinda, ukiwa na haraka na mkuu yuko mlangoni?

Sasa turudi kwetu, kwa sababu makosa makubwa yako kwetu.

Katika ofisi nyingi anwani ya taasisi ni moja, ile inayoanza na "info". Nywila yake anaijua nani? Anaijua mkuu. Anaijua katibu muhtasi. Anaijua mhasibu. Anaijua binti wa mapokezi. Anaijua kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuja Julai akaondoka Septemba. Anaijua fundi aliyeitwa siku moja kutengeneza printa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Huku kwetu siri ya mtungi inajulikana na kata, na kikombe, na jirani aliyekuja kuomba maji.

Na siku 90 zikifika inakuwaje? Nywila inabadilishwa, kisha inatangazwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: "Wapendwa, paswedi mpya ni hii, msiipoteze." Watu wanaweka dole gumba. Kundi hilo lina nani? Lina yule kijana wa Septemba, ambaye hakuna aliyekumbuka kumtoa. Lina mtumishi aliyehamishwa mwaka juzi. Lina simu za watu ambazo watoto wao wanachezea jioni.

Huo ndio ulinzi wetu.

Siku fedha zikipotea, nani atashikwa? Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa la jinai. Lakini askari akija atamkuta nani? Seva itamwambia kwamba aliyeingia ni "info". Nani huyo "info"? Watu sita watatazamana. Kila mmoja atasema hata yule anaijua. Asiye na hatia atalala mahabusu pamoja na mwenye hatia, na mara nyingi atakayeanza kushukiwa ni binti wa mapokezi kwa sababu ndiye mdogo kuliko wote na hana wa kumsemea. Mmemfanyia nini binti huyo? Mmemkabidhi siri ya wote, na lawama ya wote.

Nitataja jingine ambalo linaniuma zaidi, kwa sababu waathirika wake ni watoto wetu.

Nenda stendi ya Lushoto msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Tazama foleni kwenye steshenari. Vijana wametoka Mtae, wametoka Bumbuli, wametoka vijijini ambako gari ni moja asubuhi na moja jioni. Wengi hawajawahi kuwa na barua pepe. Mwenye steshenari anawafungulia akaunti hapo hapo, anawachagulia nywila yeye mwenyewe, mara nyingi jina na mwaka wa kuzaliwa, anaiandika kwenye kaunta buku lake, jina la kijana upande mmoja, nywila upande wa pili. Kijana analipa, anaondoka. Hajui hata kwamba nywila hubadilishwa. Sisemi kwamba mwenye steshenari ni mwizi. Wengi ni watu waungwana wanaotusaidia kuliko ofisi zetu. Nasema lile daftari liko mezani, wazi, na foleni nzima inalisoma.

Sasa hesabu kinachoning'inia kwenye barua pepe ile moja. Mkopo wa Bodi ya Mikopo. Maombi ya chuo. Cheti cha kuzaliwa cha RITA. Namba ya mlipakodi. Baadaye Ajira Portal. Akifungua biashara, usajili wa BRELA. Akitaka zabuni ya halmashauri, mfumo wa NeST ambao tangu 2023 ndio mlango wa manunuzi ya umma. Katika mifumo mingi, ukisahau nywila, njia ya kuirejesha inapitia wapi? Kwenye barua pepe. Mwenye barua pepe yako ndiye mwenye wewe. Anaweza kubofya "nimesahau nywila" katika kila mlango na kila mlango ukafunguka, ukiwa umelala nyumbani Malindi ya huku milimani, hujui kinachoendelea.

Kuna watumishi wa umma wanaofanya vivyo hivyo. Walimu watu wazima, wenye vishikwambi walivyogawiwa baada ya sensa ya 2022, wanampa kijana wa steshenari nywila ya mfumo wa utumishi awajazie majukumu yao ya mwaka. Mwalimu, mfumo ule una mshahara wako, una uhamisho wako, una likizo yako! Unampa mtu ambaye hata jina lake la pili hulijui? Siku ombi la uhamisho likionekana limetumwa kwa jina lako, utamlilia nani? Kikulacho ki nguoni mwako, tena safari hii umekivalisha mwenyewe.

Turudi kwa msimamizi wa seva, maana yeye anajua mambo ambayo hatuambii.

Mwizi mzoefu akiingia kwenye barua pepe yako hachafui kitu. Anakwenda kwenye mipangilio, anaweka kanuni ndogo: kila barua yenye neno "malipo" au "ankara", nakala ije kwangu. Anatoka. Siku ya 90 inafika, unabadilisha nywila, umeridhika. Kanuni ile bado ipo. Kubadilisha nywila hakuifuti. Nakala zinaendelea kwenda kwake mwezi baada ya mwezi, na baadhi ya mifumo inaiacha hata simu yake iliyokwisha kuingia iendelee kusoma kama kawaida. Umebadilisha nywila mara nne kwa mwaka na mara zote nne mwizi alikuwa amekaa ndani anakutazama.

Fikiria nyumba ya wageni huku milimani, iwe Irente, iwe Mambo. Mgeni wa Ujerumani anaandika, anataka vyumba vitatu vya Agosti. Mnajibizana, mnakubaliana bei. Katikati anaingia mtu wa tatu, kutoka anwani yenu ile ile, kwa Kiingereza kile kile mnachoandika: "Samahani, akaunti yetu ya benki imebadilika, tumia hii." Mgeni anatuma. Agosti anapanda kutoka Mombo, anafika na mabegi na watoto, na nyinyi hamjapokea hata shilingi. Nani mwongo hapo? Atakachokwenda kukiandika akirudi kwao ni kwamba wameibiwa Lushoto. Jina la mlima mzima linachafuka. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko ya wizi wa aina hii, wa kuteka barua pepe za biashara, yenye hasara ya dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 peke yake. Hizo ni za walioripoti. Hapa kwetu nani anaripoti? Mtu anaona aibu, anafunga mdomo, anauza ng'ombe afidie.

Usidhani wakubwa wamesalimika. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania katika mtandao wa X iliingiliwa ikaanza kutoa uongo na machafu mbele ya taifa zima. Kama ya Polisi iliingiliwa, ya SACCOS yako inalindwa na nini? Na Lushoto@3?

Halafu kuna akaunti za walioondoka. Hapa ndipo kalenda ya siku 90 inapogeuka kuwa hatari yenyewe. Mtumishi amehamishiwa Sumbawanga. Akaunti yake hapa haikufungwa, kwa sababu karatasi ya kukabidhi ofisi ina kipengele cha kiti, meza na funguo za kabati, haina kipengele cha barua pepe. Miezi inapita, nywila yake inaisha muda. Mtu aliyeipata nywila ile ya zamani mahali fulani anaijaribu. Mifumo mingi itamjibu nini? Nywila yako imeisha muda wake, tafadhali chagua mpya. Naye anachagua! Seva imemkaribisha, imempa kiti, imemkabidhi akaunti iwe yake. Mwaka 2021 kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani iliingiliwa kupitia akaunti moja ambayo haikuwa ikitumika tena, yenye nywila moja tu isiyo na uhakiki wa pili. Mafuta yakakatika mashariki mwa nchi ile, na kampuni ikawalipa wahalifu zaidi ya dola milioni 4. Akaunti moja iliyosahaulika. Wewe seva yako inazo ngapi?

Najua utakachoniambia. Kwamba nahubiri uzembe, kwamba watu wakiachiwa watakaa na nywila moja mpaka wastaafu. Hapana. Nataka watu walazimishwe, tena walazimishwe bila huruma, siku inayostahili. Nywila imeonekana kwenye orodha ya zilizovuja? Leo. Simu imepotea mnadani? Leo. Mtu ameondoka ofisini? Leo, kabla hajafika Mombo. Umeiandika mbele ya foleni ya steshenari? Leo, ukifika tu penye simu yako. Kungoja siku ya 90 ndiko uzembe. Nywila iliyoibiwa siku ya pili ina siku 88 za kutumiwa, na msimamizi anakaa anasubiri kalenda yake.

Na ziwe nywila zinazostahili jina hilo. Ndefu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, changanya Kisambaa na Kiswahili, weka jina la konde la bibi yako na kitu ambacho hakiko shambani. Hiyo utaikumbuka na hutahitaji kikaratasi. Seva nayo ikatae zile za kipumbavu, ikatae "123456", ikatae jina la wilaya na mwaka. Kazi hiyo programu zinaiweza, na orodha za nywila zilizovuja zinapatikana bure.

Kisha uhakiki wa hatua mbili. Hili silitakii mjadala. Mwizi awe na nywila yako, bado atakosa namba inayozalishwa kwenye simu yako. Msije na kisingizio cha mtandao wa milimani, kwa sababu programu za kuzalisha namba hizo hazihitaji mtandao hata kidogo. Zinafanya kazi bondeni kusikofika mnara. Ni bora kuliko namba ya kutumiwa kwa ujumbe mfupi, ambayo tapeli aliyerejesha laini yako kwa ujanja anaipokea yeye. Sote tunatumia namba ya siri ya fedha za simu. Nani amewahi kukulazimisha uibadilishe kila siku 90? Hakuna. Inakulinda kwa sababu hukuwaambia watu sita, na kwa sababu ukikosea mara kadhaa inajifunga. Kwa shilingi elfu kumi una akili hiyo. Kwa barua pepe ya ofisi nzima akili inakwenda wapi?

Wakuu wa taasisi, msijifiche nyuma ya afisa TEHAMA. Mmempa wilaya nzima, mmempa gari la kuazima, bajeti hakuna, halafu mnamdai taarifa yenye alama ya vema. Naye anawapa alama ya vema, kwa kuwa kisanduku cha siku 90 kwenye seva hakigharimu kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Faili la mgonjwa, matokeo ya mwanafunzi, namba ya NIDA ya mkopaji: aliyezikusanya ndiye anayewajibika kuzilinda. Mkishitakiwa mtasema nini? Kwamba kila robo mwaka mliwaamuru watu wabadilishe tarakimu ya mwisho?

Msimamizi wa seva, iondoe hiyo kalenda. Kesho asubuhi kabla ya chai ya saa nne toa orodha ya akaunti zote, ya kila aliyeondoka ifunge, kanuni za kupeleka nakala nje zikague moja moja, na kila anayetumia "info" mpe akaunti yake kwa jina lake. Na wewe mwenzangu, nywila uliyomwachia kijana wa steshenari ibadilishe leo.